Bibi Salme wa Unguja: Aliyesomea Nyumbani na Kuwaandikia Wanawe

Kama ilivyo desturi ya chama chetu, kila mwaka mmoja wetu huandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututangulia. Wengi hupenda kuandika juu ya mashujaa waliopigana vita au waliofungwa gerezani. Mimi mwaka huu nimemchagua mwanamke aliyepigania kalamu. Jina lake ni Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, ambaye baadaye alijulikana Ulaya kama Emily Ruete.

Sababu ya kumchagua ni hii. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote nchini Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Masomo yalirushwa redioni na kwenye runinga, na wazazi ambao hawakuwahi kushika chaki maishani mwao wakajikuta ni walimu hivi hivi tu. Basi tangu wakati huo kuna swali linaloulizwa mtaani kwetu, kanisani na hata kwenye vibanda vya mboga: je, mzazi anaweza kuwafundisha watoto wake nyumbani mwenyewe, asiwapeleke shule? Wapo wanaosema ndiyo, wapo wanaosema hilo ni jambo la matajiri wa Karen na Runda. Nilipoyasoma maisha ya Bibi Salme niliona kwamba swali hili si geni hata kidogo. Yeye alilionja pande zote mbili: alikuwa mtoto aliyesomea nyumbani, kisha akawa mama wa watoto waliosoma shule za watu wengine.

KUZALIWA NA MALEZI

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, kando ya bahari, kilomita chache kaskazini ya mji wa Unguja. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati takriban mwaka 1840 na kuufanya mkarafuu kuwa mti wa utajiri. Mamake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi kutoka nchi za milima ya Kaukasi, aliyetekwa vitani angali mtoto mdogo na kuuzwa utumwani. Alifika katika nyumba ya Sultani akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi, na alipokua akawa suria wa Sultani. Jambo hili naomba ulikumbuke, msomaji, kwa sababu tutalirudia.

Bet il Mtoni haikuwa nyumba kama hizi zetu za Kariobangi ambapo jikoni, chumba cha kulala na sebule ni kitu kimoja. Lilikuwa jumba kubwa lililojaa watu: masuria, watoto wa Sultani, watumishi na watumwa, kiasi cha watu elfu moja kwa kumbukumbu za Bibi Salme mwenyewe. Ndani yake zilisikika lugha nyingi: Kiarabu, Kiswahili, Kifarsi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi. Mtoto aliyekulia pale alikuwa akisikia dunia nzima kabla hajatoka nje ya lango.

Alipofikia miaka kama saba, yeye na mamake walihamia Bet il Watoro, nyumba ya Majid, kaka yake wa baba mmoja. Huko ndiko alikofundishwa mambo ambayo wasichana wa wakati wake hawakufundishwa. Majid alimpenda sana dada yake huyu, akamwonyesha namna ya kupanda farasi na kulenga shabaha kwa bunduki. Salme alikuwa mtundu, apenda michezo ya wavulana, hata kupiganisha majogoo. Kwa maneno mengine, kaka alikuwa mwalimu, na uwanja wa nyumba ulikuwa darasa.

CHUO CHA NDANI YA JUMBA

Sasa tuje kwenye masomo yenyewe. Watoto wa Sultani hawakutoka kwenda shule. Mwalimu ndiye aliyeletwa. Walisoma humo humo ndani ya jumba, wakiwa wameketi juu ya mkeka penye roshani iliyopitisha upepo, chini ya mwalimu mwanamke. Somo lilikuwa moja: Kurani. Mtoto alianza na herufi, akaendelea kusoma maneno, mwisho akahifadhi sura kwa moyo. Maana ya aliyoyasoma hakuelezwa sana. Hesabu ilikuwa kidogo. Jiografia, historia na sayansi hazikuwepo. Aliyezembea alikiona cha mtema kuni, kwa maana bakora haikuwa mbali.

Na kuandika je? Hapo ndipo penye kisa. Wavulana walifundishwa kuandika kiasi cha haja. Wasichana hawakufundishwa kabisa. Kusoma Kurani kulitosha, kwa sababu watu wa wakati ule waliamini kwamba msichana akijua kuandika ataleta aibu, ataandika barua zisizofaa. Na si mgeni wala serikali iliyoweka amri hiyo, bali ni nyumba yenyewe.

Bibi Salme hakukubali. Kwa siri, bila ya mwalimu, alijifundisha mwenyewe. Aliuchukua msahafu kuwa mfano wake, akawa anaiga herufi moja moja kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mfupa huo, ulio mpana na laini, ndio uliokuwa ubao wa watoto wa zama zile: unaandika, unaosha, unaandika tena. Alipoona mkono wake umeanza kutii, alimpata mtumwa mmoja aliyesoma, akamtengenezea mwandiko. Habari zilipovuja alilaumiwa si haba, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Huwezi kumnyang'anya mtu alichokwisha kukijua.

Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Watu wengi wanaosifu masomo ya nyumbani husema kwamba nyumbani mtoto ana uhuru, anasoma anachokipenda, hakuna wa kumzuia. Kumbe inategemea nyumba. Nyumba hiyo hiyo iliyompa Salme farasi na lugha nyingi ilimnyima kalamu.

KALAMU NA FITINA

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Omani. Ufalme ukagawanyika: Thuwaini akabaki na Omani, Majid akatawala Unguja. Lakini ndugu yao mwingine, Barghash, naye alikitaka kiti cha Unguja. Mwaka 1859 Jilfidan naye alifariki kwa kipindupindu, na Salme akabaki yatima wa baba na mama.

Mwaka huo huo Barghash alipanga njama ya kumpindua Majid. Dada yao Khole alimuunga mkono Barghash, naye Salme alimpenda Khole mno, akavutwa upande huo. Wapanga njama walihitaji mtu wa kuandika barua za siri kwa wakuu waliokuwa pamoja nao. Mtu wa nje asingeaminika. Na ndani ya nyumba zile za wanawake ni nani ajuaye kuandika? Ni Salme, msichana wa miaka 15. Basi akawa katibu wa maasi dhidi ya kaka yule yule aliyemfundisha kupanda farasi.

Maasi yalishindwa. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa miaka miwili hivi. Majid, kwa upole wake, hakumwadhibu dada yake mdogo. Lakini baadaye Salme alipopatana na Majid, Khole na Barghash walimkasirikia. Akawa hana wa kumtegemea upande wowote. Alikaa mashambani, Kizimbani na Bububu, kisha akarudi mjini.

Simulizi hili sikulileta ili kusema kwamba kuandika ni kubaya, la hasha! Nimelileta kwa sababu linaonyesha jambo moja ambalo wazazi hulisahau. Salme alifundishwa kusoma bila kufundishwa kupima. Alijipatia kalamu kwa juhudi zake mwenyewe, lakini hakuwa na mwalimu wala wanafunzi wenzake kutoka familia nyingine wa kujadiliana nao. Wote aliowajua walikuwa ni wale wale wa jumba: ndugu, mama wa kambo na watumishi. Ugomvi wa nyumba ukawa ndio ulimwengu mzima.

SAFARI YA UGHAIBUNI

Huko mjini jirani yake alikuwa mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Walifahamiana, wakapendana, na Salme akapata mimba. Kwa binti wa Sultani, na Mwislamu, hili lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alimzaa mtoto wake wa kwanza, mvulana, ambaye hakuishi sana. Mwezi wa Mei 1867 Ruete alimfuata Aden. Salme akabatizwa, akaitwa Emily, wakafunga ndoa na kusafiri hadi Hamburg.

Fikiria mwenyewe, msomaji. Mwanamke wa miaka 22 aliyezoea jua na bahari, sasa yumo katika mji wa baridi ambao hajui hata kuomba maji kwa lugha yake. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili. Naam, Kiswahili hiki hiki tunachokitahini ndicho kilichokuwa lugha ya mapenzi katika nyumba moja ya Hamburg miaka zaidi ya 150 iliyopita. Kijerumani alijifunza pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Walijaliwa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Kisha likaja pigo. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe alipata ajali ya tramu, zile za kukokotwa na farasi, akafariki. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka miwili tu, na kitinda mimba alikuwa na miezi michache. Sheria ya Hamburg ya wakati ule haikumwamini mjane kusimamia mali na watoto peke yake, ikamwekea wasimamizi wanaume. Fedha nazo zikayeyuka. Binti wa Sultani akaanza maisha ya kuhama hama: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Cologne. Alijipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu. Ule mfupa wa ngamia sasa ukawa unamlisha yeye na wanawe.

WATOTO WAENDA SHULE

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali letu. Watoto wa Bibi Salme wangesoma wapi?

Katika Prussia, dola kubwa kuliko zote za Ujerumani, amri ya kuwasomesha watoto ilitolewa tangu mwaka 1763 na Mfalme Frederick wa Pili. Lakini sheria ya zama za Bibi Salme ilitaka tu mtoto afundishwe. Haikusema lazima iwe shuleni. Familia tajiri ziliweza kumweka mwalimu nyumbani. Ni katiba ya mwaka 1919 iliyofanya kuhudhuria shule kuwe lazima kwa kila mtoto, na mpaka leo Ujerumani ni nchi kali sana katika jambo hili. Kwa hiyo njia ya nyumbani ilikuwepo, ila kwa mwenye nazo. Mjane wa kigeni, anayeishi kwa kufundisha lugha, angetoa wapi mshahara wa mwalimu? Na yeye mwenyewe angefundishaje Kijerumani ambacho bado alikuwa akikisoma? Watoto wakaenda shule.

Hakufurahishwa na kila alichokiona. Katika kitabu chake aliandika sura nzima juu ya masomo, akizilinganisha shule za Ulaya na zile za kwao. Aliona watoto wa Ulaya wakishindiliwa mambo mengi mno, wakikaa saa nyingi katika vyumba visivyo na hewa nzuri, huku moyo na dini vikiachwa nyuma ya akili. Msomaji, ukiyasikia malalamiko hayo utadhani yaliandikwa juzi na mzazi wa Eastlands baada ya kumwona mwanawe akitoka na mkoba mzito saa kumi na moja alfajiri!

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi ya hewa na saa za masomo. Shule ile iliwafundisha wanawe historia ya wafalme wa Ujerumani, lakini haikuwa na neno juu ya babu yao. Ilikuwa na ramani, lakini Unguja ilikuwa nukta. Watoto walikua Wajerumani kwa lugha na kwa dini, na kuhusu asili ya mama yao walijua machache tu: kwamba yeye ni Mwarabu na ametoka Unguja. Basi. Nusu nzima ya damu yao ilikuwa haina kitabu.

KITABU CHA NYUMBANI

Ndipo Bibi Salme alipochukua kalamu. Alikuwa amechoka mwili na roho, na aliogopa kwamba atakufa kabla watoto hawajawa wakubwa wa kuelezwa. Akaanza kuandika maisha yake: nyumba ya Mtoni, mama yake, sikukuu, vyakula, harusi, misiba, mashamba ya mikarafuu, kaka na dada zake. Hakuanza kuandika ili auze. Aliwaandikia watoto wake watatu. Kama miaka tisa baadaye, mwaka 1886, maandiko hayo yalichapishwa Berlin yakiwa kitabu cha kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu, na yakatafsiriwa kwa lugha nyingine. Wanahistoria huyataja kuwa miongoni mwa kumbukumbu za kwanza kabisa za maisha kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Kumbe chanzo chake ni mama aliyetaka kujaza pengo lililoachwa na shule.

Mwaka 1885 aliwapeleka watoto wenyewe wakaone. Walifika Unguja wakiwa na manowari za Kijerumani. Bismarck, kiongozi wa serikali ya Ujerumani, alikuwa na mahesabu yake. Alitaka kumtumia Bibi Salme kumtisha Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani. Barghash alikataa kumpokea dada yake na kumpa urithi wake. Kisiasa safari ile haikuzaa matunda kwake. Lakini watoto watatu walitembea katika vichochoro vya mji wa mama yao, wakaona watu wakimsalimu kwa Kiswahili, na wakasimama Bet il Mtoni, ambayo tayari ilikuwa magofu. Shule gani ingewapa somo hilo? Alirudi tena mwaka 1888, na safari hiyo pia hakufanikiwa. Baada ya hapo aliishi Jaffa na Beirut kwa miaka mingi, hadi mwaka 1914, akarudi Ujerumani. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja alioutunza miaka yote hiyo.

UPANDE WA GIZA

Ingekuwa rahisi nimsifu tu Bibi Salme nimalize. Lakini chama chetu kinatufundisha kusema kweli. Katika kitabu kile kile anachoeleza mambo mazuri ya kwao, aliutetea utumwa. Aliwalaumu Wazungu kwa kuukomesha haraka, akaeleza kwamba watumwa wa Unguja walitendewa vyema. Hii ni mwanamke ambaye mama yake mwenyewe alitekwa akiwa mtoto! Mikarafuu ya baba yake ilipaliliwa na kuvunwa na watu walionunuliwa sokoni kama mbuzi, na soko hilo la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873.

Aliwezaje kutoliona? Mimi nadhani jibu liko kwenye roshani ile ya Bet il Mtoni. Kila aliyemfundisha, kila aliyecheza naye, kila aliyekula naye alikuwa wa nyumba iliyosimama juu ya utumwa. Nyumba humfundisha mtoto upendo na lugha, lakini haimfundishi makosa yake yenyewe. Mtoto anahitaji kukaa karibu na mtoto wa nyumba nyingine, aliyekula kingine na kuambiwa kingine, ndipo aanze kuuliza. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hiyo ina makali pande mbili.

FUNZO KWETU

Ninayo sababu ya kuyafikiria haya kwa kina. Shangazi yangu ana watoto wawili wadogo, mmoja gredi ya pili na mwingine gredi ya nne. Wakati wa korona alikaa nao mezani kila jioni baada ya kufunga biashara, na yule mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa hata hajaanza shule, alijua herufi zote kabla ya shule kufunguliwa. Sasa shangazi anapima kama awatoe shule kabisa awafundishe mwenyewe. Hoja zake si za mchezo. Karo na nauli zinapanda, darasa lina watoto wengi hadi mwalimu hawezi kujua nani ameelewa na nani amelala, na kuvuka barabara ya Outering asubuhi kunahitaji moyo. Jamaa wamegawanyika. Baba yangu hataki hata kulisikia jambo hilo. Mama yangu anasema mwacheni, yeye ndiye anayewajua wanawe.

Mimi ni mdogo kwake na heshima yake iko pale pale, kwa hiyo sikumpa shauri. Nilimsimulia tu maisha ya Bibi Salme jinsi nilivyoyaandika hapa. Lakini kwako wewe msomaji nitasema ninavyoona. Kwanza kuna sheria. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi amwandikishe mwanawe shuleni na ahakikishe anahudhuria, na asiyefanya hivyo bila sababu anaweza kushtakiwa. Hilo pekee lingetosha kumfanya mtu afikiri mara mbili. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mimi ningewaacha watoto wale shuleni. Shangazi anajua hesabu za biashara kuliko walimu wengi, ila sayansi ya gredi ya saba itamshinda, kama vile Kijerumani kilivyomshinda Bibi Salme mwanzoni. Tena nyumba yao ni chumba kimoja na ukuta wa jirani. Wakikaa humo mchana kutwa, watamjua nani zaidi ya mama yao na sisi jamaa zao?

Wakati huo huo sitaki ile meza ya jioni ivunjwe. Shule yao haitawaeleza nyanya yetu alifikaje Nairobi, alikaa wapi kabla ya Kariobangi, wala kwa nini jina la mtoto mkubwa ni la babu aliyefariki. Haitawafundisha lugha ya mama. Haitajua kwamba yule mdogo huogopa kuuliza swali mbele za watu. Hayo ni masomo ya shangazi, na hayana mtihani wa kitaifa. Mzazi akisema nimelipa karo yangu imetosha, watoto wake watakuwa kama wale watatu wa Hamburg kabla ya mama yao kuchukua kalamu: wanajua wafalme wa watu, hawajui babu yao.

Kwani matunda ya kalamu ile yalikuwa nini? Rudolph, yule mtoto wa pili, alikuwa afisa wa jeshi la Kijerumani, lakini baadaye aliliongeza jina la babu yake katika jina lake, akajiita Rudolph Said-Ruete. Mwaka 1929 alichapisha kitabu juu ya maisha na utawala wa Sayyid Said bin Sultan. Maktaba yake, pamoja na maandiko ya mama yake, ilihifadhiwa mjini Leiden, Uholanzi. Miongoni mwa maandiko hayo zilikuwemo barua ambazo Bibi Salme aliziandika juu ya maisha yake ya Ujerumani, na mwaka 1993 zilichapishwa pamoja na kumbukumbu zake. Mvulana aliyesoma shule za Wajerumani ndiye aliyewaandikia Wazungu historia ya Sultani wa Unguja. Elimu ya kuandika kitabu aliipata shuleni. Habari ya kwamba alikuwa na babu wa kuandikiwa kitabu aliipata kwa mamake.

Basi, mpenzi msomaji, ukifika nyumbani jioni hii na daftari zako, kabla hujafungua zoezi la hesabu, muulize mzazi wako jambo moja lisilo katika silabasi. Uliandike. Mungu aiweke roho ya Bibi Salme mahali pema. Kalamu yangu naiweka chini hapa, nikikutakia mwaka mwema wa masomo.